Kituo cha Tunguu na Chombo cha Anga

Simama ufukweni Ndagoni, katika Kisiwa cha Mafia, utazame jahazi likienda mbali baharini. Kwanza tumbo lake hutoweka, hali tanga lingali linaonekana. Mwishowe tanga nalo hutoweka. Jahazi halikuzama, bali limefichwa na mviringo wa dunia.

Mtu wa kwanza kuizunguka dunia angani alikuwa Yuri Gagarin wa Urusi ya Kisovieti, tarehe 12 Aprili, 1961. Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo alikuwa John Glenn, tarehe 20 Februari, 1962. Chombo chake kilikwenda kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa.

Mawimbi ya redio yaliyotumika zaidi kuwasiliana naye husafiri kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo kila kituo kilimsikia kwa dakika chache tu, kisha chombo kikafichwa na dunia kama lile jahazi. Ndiyo sababu vituo 18 viliwekwa sehemu mbalimbali za dunia, viwili vikiwa katika meli. Kimoja kilikuwa Tunguu, kisiwani Unguja. Chombo kilipoiacha Kano, Nigeria, kilipokewa Unguja, kisha na meli iliyokuwa katika Bahari ya Hindi. Vituo vilipokea habari za mapigo ya moyo wa rubani na hewa aliyovuta.

Katika mzunguko wa pili, ishara ilionyesha kwamba ngao ya kuzuia joto imelegea. Kama ngao ingebanduka, chombo kingeungua wakati wa kurudi. Wataalamu wakaamua roketi ndogo zilizofungwa juu ya ngao zisiondolewe, ili mikanda yake iishikilie. Glenn alizunguka mara 3, akashuka salama katika Bahari ya Atlantiki baada ya saa 4 na dakika 55. Ndipo ilipojulikana kwamba ngao haikulegea. Ishara ndiyo iliyokosea.

Kituo cha Tunguu kilifungwa mwaka 1964.

Jaribio
Chomeka kijiti kifupi katika chungwa. Weka jicho karibu na chungwa, ulizungushe polepole. Ni sehemu gani ya kijiti inayotoweka mwisho?

Maswali
1. Kwa nini kituo kimoja hakikutosha?
2. Chombo cha Glenn kilikwenda kilomita ngapi kwa dakika moja?
3. Kwa nini roketi ndogo hazikuondolewa?