Mtoto Asiwe Posta Kati ya Nyumba na Shule



Wababa na wamama, Ijumaa hii tuongee juu ya jambo linalotugusa sisi wote hapa Pangi, mtoto awe kwenye shule ya serikali, ya Wakatoliki, ya Waprotestanti ao ya mtandao wa Kiislamu. Direkta, mwalimu na mzazi hawasemezani. Wanasalimiana, ndiyo, lakini hawasemezani.

Ugonjwa huu una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Zaire, mishahara ya walimu ilipokatika, wazazi ndio waliobeba mzigo. Hapo ikazaliwa primi. Kwa miaka zaidi ya 25 maneno kati ya nyumba na shule yalikuwa ya feza tu. Mwalimu akimuona baba njiani, baba anakata kona. Mtoto anarudishwa nyumbani asubuhi na neno moja: "Enda umwambie baba." Wazazi wakiitwa mkutano, kila mtu anajua kitakachosemwa mbele hajafika.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure kwenye shule za umma. Lakini ni mwezi wa 9 mwaka 2019 ndipo jambo hilo lilianza kufanyika nchi nzima. Tulishukuru, na ni haki kushukuru, kwa sababu watoto waliokuwa wanabaki nyumbani walijaza madarasa. Lakini angalieni: feza ilipotoka, maneno nayo yakatoka. Mzazi anasema, "Serikali inalipa, mimi niende kufanya nini kule?" Mwalimu ambaye hakuingizwa kwenye orodha ya mishahara, na wa namna hiyo walikuwa wengi, akaona wazazi wamemtupa. Direkta yuko katikati, anaogopa hata kuomba ufagio, wasije wakasema ameanza kulipisha watu. Kila mmoja amenyamaza kwa sababu yake, na kila sababu ina kweli ndani.

Nitoe mfano, si wa kujisifu. Miaka ya nyuma kijana mmoja alianza kukosa kwenye chuo changu cha Kurani. Juma la kwanza nikasema ni mvivu. Juma la pili nikamsema vibaya mbele ya wenzake, naye hayuko. Juma la tatu wenzake wakaniambia yuko kwenye mashimo ya madini, anabeba mchanga wa kasiterite. Nikamkasirikia baba yake, moyoni tu: mtu gani huyu anauza akili ya mtoto wake! Na baba huyo nilimpa mkono msikitini Ijumaa tatu bila kumuuliza neno.

Ijumaa ya nne ni yeye aliyenifuata. "Shehe, mtoto anaendeleaje na msahafu?"

Hakujua kitu. Kila asubuhi mtoto alikuwa anaondoka nyumbani na daftari na ubao wake, anarudi magaribi. Tukaenda wote wawili kwa mwalimu wake wa shule. Huyu naye alidhani familia imehamia shambani, akakata jina. Baba na mimi tulikuwa tunaswali safu moja, na mwalimu tulikuwa tunakutana naye sokoni, kumbe mtoto anapita katikati yetu watu watatu. Tulipokaa naye kwenye baraza, haikuchukua hata saa nzima kujua. Alichekwa darasani kwa shati lililopasuka, akaona haya kumwambia baba, akaenda kutafuta feza ya shati mwenyewe. Alirudi shuleni, lakini mwaka ule ulikuwa umekwisha kumpotea.

Katika sura ya Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anatuamuru tuchunguze habari tunayoletewa, tusije tukadhuru watu kwa kutojua na kisha tukajuta. Aya hiyo tunaisoma sana juu ya wasengenyaji. Mimi sikuisoma juu yangu, mimi niliyehukumu baba wa watu kwa maneno ya watoto. Na mtoto anayeleta habari za shule nyumbani, na za nyumbani shuleni, ana faida yake ndani ya habari hiyo. Si mwongo kila siku, lakini ni mtoto.

Tazameni buletini. Ina mahali pa sahihi ya mzazi. Ni wangapi wetu tunaangalia tu kama mtoto amefika 50 kwa 100, tunaweka sahihi, tunarudisha? Kuna nyumba ambako kaka mkubwa ndiye anayeweka. Wengine hatusomi Kifaransa, na hiyo si aibu. Aibu ni kukaa mwaka mzima bila kumuomba mwalimu akusomee.

Na ninyi wadirekta, nanyi ni ndugu zetu: mkutano wa wazazi unaosemwa kwa Kifaransa toka mwanzo mpaka mwisho ni mkutano wa watu watatu, wengine wanapiga makofi. Kiswahili ni lugha ya taifa katika Katiba hiyo hiyo, na Kilega kiko. Msituite tena saa nne asubuhi wakati wa kuvuna mpunga, kisha mseme wazazi wa Pangi hawapendi shule. Mkituita, waiteni na wamama. Mara nyingi baba ndiye anayekaa kwenye kiti, lakini mama ndiye anayejua mtoto alilala saa ngapi na kama alikula.

Kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi, na mkuu wa komite hiyo anakaa na direkta na walimu katika baraza la uongozi. Muulize jirani yako jina la mkuu huyo kwenye shule ya mtoto wake. Nimeuliza, na wengi walinitajia mtu aliyekwisha kuhama.

Leo baada ya swala, walimu walio kati yetu watabaki kidogo barazani. Mwenye mtoto kwao akawasalimie na awaulize jambo moja tu: mwezi huu, ni siku ngapi mtoto wangu hakufika?

Wabillahi tawfiq.