Kabla ya kuchagua mbegu ya msimu ujao, funga hesabu za msimu uliopita

Mahindi mengi yameshaingia ndani, wengine wameshauza, na mvua bado iko mbali kidogo. Huu ndio muda ambao swali linalonijia kila siku ni moja: "Bwana shamba, mwaka huu nipande mbegu gani?" Swali zuri, ila mimi huwa nalijibu kwa swali. Msimu uliopita, gunia moja lilikugharimu shilingi ngapi mpaka likaingia ndani?

Hapo wengi wananyamaza. Magunia waliyovuna wanayajua, bei waliyouzia wanaijua, lakini gharama ya gunia moja hawana. Na kama hiyo huna, hata mbegu utachagua kwa kubahatisha, kwa sababu hujui msimu uliopita ulikubana wapi.

Sisi tunaolima kwa mvua ya msimu mmoja, mwaka wetu hauishi Desemba. Unaisha mahindi yakishapukuchuliwa, na mpya unaanza trekta la kwanza likiingia shambani. Katikati hapo ndipo pa kufungia hesabu. Wenzetu wenye vuli na masika wafanye mara mbili, maana vuli ikiharibika huna muda wa kuomboleza, masika hiyo inakuja.

Nichukue kaya moja niliyokaa nayo barazani kwao mwezi uliopita. Namba nimezizungusha ili zifuatike kirahisi. Ni mzee na mama, watoto wanne, mdogo wao wa pili anatarajia kuingia kidato cha kwanza Januari. Walilima ekari 3 za mahindi, 1 ya kwao nyuma ya nyumba na 2 za kukodi. Wakavuna magunia 34 ya kilo 100. Mzee alikuwa na furaha, kijiji kizima kilijua kwamba mwaka huu amevuna. Mama akasema kwa sauti ya chini: "Magunia nayaona, mwanangu, ila hela siioni."

Tukaanza kuandika. Ekari moja ya kukodi ilikula hivi:

Kodi ya shamba 100,000
Kulima kwa trekta 60,000
Mbegu 70,000
Mbolea ya kupandia, mfuko 1, 70,000
Mbolea ya kukuzia, mfuko 1, 65,000
Palizi mbili 80,000
Dawa ya viwavijeshi vamizi 25,000
Kuvuna, kusomba na kupukuchua 90,000

Jumla 560,000. Ekari ya nyumbani ni hivyo hivyo ukitoa kodi, yaani 460,000. Kwa ekari zote tatu walitoa 1,580,000. Hapo jasho lao wenyewe hatujalihesabu, na mama ndiye aliyepanda karibu zote.

Magunia 34 kwa bei ya Julai ya 50,000 ni 1,700,000. Ukitoa gharama inabaki 120,000. Lakini magunia 8 waliyaacha kwa ajili ya chakula, wakauza 26, hivyo fedha taslimu iliyoingia ni 1,300,000. Walitoa 1,580,000, wakapokea 1,300,000. Mama alikuwa sahihi kabisa. Hela haikuonekana kwa sababu iliyobaki iko ndani ya magunia ya chakula.

Wakulima wengi wakifika hapa wanafunga daftari na kulaumu bei. Usifunge. Tenganisha shamba na shamba, kwa sababu jumla inaficha mambo. Ekari ya nyumbani ilitoa magunia 16. Gawanya 460,000 kwa 16, unapata 28,750 kwa gunia. Zile za kukodi zilitoa magunia 9 kila moja. Gawanya 560,000 kwa 9, unapata zaidi ya 62,000 kwa gunia. Gunia lililowagharimu 62,000 waliliuza 50,000. Ekari ya nyumbani iliingiza faida ya 340,000, na ekari mbili za kukodi zikameza 220,000 kati ya hiyo.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nalima kumlipa mwenye shamba na mwenye trekta." Sikumjibu, alishajijibu.

Sasa kwa nini ekari za kukodi zilitoa 9 wakati ya nyumbani imetoa 16, kwa mbegu ile ile na mbolea ile ile? Swali hili halijibiwi ukiwa umekaa barazani. Tulichukua kamba tukaenda shambani, maana visiki vya mabua bado vilikuwepo. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, hesabu visiki vyote vilivyomo. Ukipanda sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na 30 kati ya shina na shina, mche mmoja kila shimo, unatakiwa kukuta kama 444. (Anayepanda 75 kwa 60 miche miwili kila shimo anapata idadi ile ile.) Rudia sehemu tatu tofauti za shamba, usichague palipopendeza tu. Nyumbani tulikuta wastani wa 410. Kule kwa kukodi, 280.

Maana yake zaidi ya theluthi ya mimea haikuwepo kabisa! Ardhi ililipiwa kodi, ikalimwa, ikapaliliwa, halafu sehemu kubwa ikawa wazi. Mama akaeleza vizuri: trekta lilichelewa, wakapanda wiki tatu baada ya shamba la nyumbani, vibarua walipanda kwa hatua za miguu bila kamba, na mbegu ambazo hazikuota hazikurudishiwa. Mahindi yaliyochelewa ndiyo pia viwavijeshi vamizi waliyoyashambulia zaidi. Unaona sasa kwamba jina la mbegu halikuwa tatizo. Mzee alikuwa ananiuliza habari za mbegu mpya ya bei ghali ili akaipande 280 kwenye nafasi ya 444.

Ndiyo maana vipaumbele vya msimu ujao siviweki mpaka nione namba. Mtu anakuja na orodha ndefu: mbegu mpya, pampu mpya, ekari moja zaidi, kuku, bustani. Hela haitoshi vyote. Chukua kile kilichokula hela nyingi zaidi, anza nacho. Kwa kaya hii ilikuwa ekari za kukodi. Kwa bei ya 50,000, ekari ya 560,000 inahitaji angalau magunia 12 ndipo irudishe gharama. Je, inaweza kutoa 12? Ile iliyo karibu na barabara naamini inaweza, ikipandwa mapema na kwa kamba. Ile ya mbali, trekta hufika mwisho siku zote. Ushauri wangu ulikuwa kuiacha.

Mzee hakufurahi. "Nikiiacha mwenzangu anaichukua, mwaka kesho siipati." Ni kweli, ardhi ya kukodi inagombewa. Lakini mwenzako atachukua na hasara yake pia. Wakakubaliana kuirudisha ya mbali, na ile ya barabarani wailipie endapo trekta litapatikana kabla ya mvua za kwanza.

Kipaumbele cha pili kilitoka kwa mama, na nataka mkisome vizuri kwa sababu nakiona karibu kila nyumba. Januari shule zinafunguliwa. Sare, madaftari, viatu, vyote vinataka hela wiki ile ile. Na ukipanda mwanzoni mwa Desemba, mbolea ya kukuzia inatakiwa wiki ya tatu hadi ya nne baada ya kuota, mahindi yakiwa yanafika magotini. Hiyo ni Januari hiyo hiyo! Kila mwaka kimoja kati ya hivyo viwili kinachelewa, na mara nyingi ni mbolea, kwa sababu mtoto hawezi kwenda shule peku. Ikiwekwa mahindi yanakaribia kutoa mbelewele, sehemu kubwa ya faida yake imeshapotea.

Kwa hiyo tuliweka hivi: mfuko wa kukuzia unanunuliwa pamoja na wa kupandia, unakaa ndani sehemu kavu, na msimu ujao magunia 5 hayauzwi Julai. Hayo ni ya Januari, yamepewa kazi ya shule tangu siku ya kuvunwa. Bei ya Januari kwa kawaida huwa juu kuliko ya wakati wa mavuno, kwa hiyo wanapata nafuu mara mbili.

Ila magunia ya kungoja Januari lazima yaifikie Januari. Dumuzi, yule mdudu ambaye wengine mnamwita Skania, hana mpango na shule ya mtoto wako. Kausha kwanza. Kama huna kipimo, tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo. Hili la ukavu msilichukulie kirahisi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Yakishakauka, tumia mifuko ya kinga njaa: funga kila mfuko wa ndani peke yake mpaka hewa isipite, panga juu ya mbao, mbali na ukuta, na hakikisha panya hana pa kupita. Panya akitoboa, mfuko hauna kazi.

Na ukiuza, uza kwa mizani. Gunia la lumbesa ni kosa kisheria, na linakuondolea kilo ambazo ndizo faida yenyewe.

La mwisho kabla ofisi za vijiji hazijajaa foleni. Wanaotaka mbolea ya ruzuku, nenda ukahakikishe taarifa zako kwenye daftari la wakulima: namba ya simu kama ni ile unayotumia sasa, na idadi ya ekari. Mzee wetu bado ameandikwa ekari 3. Amesema ataenda Jumatatu, na mama amesema atamsindikiza.