Somo la Mwezi: Penisilini Katika Ndoo ya Maziwa

Ng'ombe akivimba kiwele, daktari wa mifugo humtia dawa kwenye chuchu, na mara nyingi dawa hiyo ni ya jamii ya penisilini. Ni dawa njema. Alexander Fleming aliigundua mjini London mwaka 1928, nayo imeokoa watu na wanyama wasiohesabika. Lakini haikai kiweleni tu. Sehemu yake hutoka pamoja na maziwa, na ukiyauza itafika katika kikombe cha mtoto wa Kangemi au Kawangware ambaye hutamwona kamwe.

Hudhuru nani? Mwili wa mtu una askari wake. Kwa watu wachache, askari hao huidhania penisilini kuwa adui, wakaishambulia kupita kiasi. Mtu hutoka upele, huwashwa, huvimba midomo na uso. Akizidiwa hushindwa kupumua, na huweza kufa. Hali hii huitwa mzio. Mara nyingi huletwa na sindano au vidonge. Kuletwa na maziwa ni nadra, lakini kumepata kutokea kwa watu wenye mzio.

Mtu hupimwaje? Njia ya kwanza ni ya ngozi. Daktari hutia tone la dawa mkononi, huchoma ngozi kidogo, kisha hungoja dakika 15 hadi 20 aone kama patavimba. Njia ya pili ni ya damu: maabara hutafuta wale askari waliojiandaa kuipiga penisilini. Kipimo cha damu huweza kuwakosa wengine, kwa hiyo daktari huuliza pia habari za zamani za mgonjwa. Usijipime nyumbani, kipimo cha ngozi hufanywa mahali penye dawa ya kuokoa maisha. Tena, huko Marekani karibu mtu 1 katika 10 husema ana mzio wa penisilini, lakini wakipimwa walio wengi huonekana hawana.

Maziwa hupimwaje? Kanuni yake waijua tayari: maziwa yenye dawa hayagandi vizuri, kwa kuwa dawa huua vijidudu vya kugandisha. Maabara huweka vijidudu hai pamoja na rangi ya zambarau katika kichupa, hutia maziwa kidogo na kukitunza katika joto kwa saa chache. Vijidudu vikikua, huleta ukali na rangi hugeuka manjano. Ikibaki zambarau, maziwa yana dawa. Kabete, magharibi ya Nairobi, ndiko ziliko maabara kuu za mifugo za Serikali na kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wataalamu wa chuo hicho wamepata kukuta masalio ya dawa katika baadhi ya maziwa yanayouzwa nchini.

Kipimo cha kimataifa cha penisilini katika maziwa ni kidogo sana: ni kama gramu 1 katika lita 250,000. Kwa hiyo ndoo moja huweza kuharibu tangi zima la ushirika, na jirani zako wakapata hasara pamoja nawe. Wala kuchemsha hakuiondoi dawa yote.

Basi fanya hivi:

1. Soma karatasi ya dawa, au umwulize daktari: maziwa yazuiwe siku ngapi? Andika tarehe daftarini.
2. Mfunge ng'ombe huyo kamba mguuni, kila mkamuaji amjue. Mkamue mwisho.
3. Hata kama chuchu moja tu ndiyo iliyotiwa dawa, usiuze maziwa ya chuchu nyingine.
4. Mmoja wa nyumbani akivimba au kutoka upele baada ya sindano, mwambie daktari kila uendapo hospitali.

Maswali ya kujipima: Kwa nini kichupa hubaki zambarau? Kwa nini kuchemsha hakutoshi? Ukiweza kumjibu mtoto wako wa shule, somo limekuingia.