Kuchagua Kioo cha Kompyuta

Muhula uliopita kamati ya gazeti letu ilipewa fedha walizochanga wazazi, tununue kioo kimoja cha kompyuta. Mimi ndimi niliyeshikilia tuchukue kile cha bei nafuu kuliko vyote. Dukani nilikitazama nimeketi mbele yake, nikaona chafaa kabisa. Tulipokizunguka watano kusahihisha picha za mpira, mabishano yakaanza. Niliyeketi katikati niliona jezi nyekundu. Aliyesimama nyuma yangu aliiona imepauka, na aliyechuchumaa chini akasema nyuso za wachezaji zimekuwa nyeusi.

Kioo hakikuwa kibovu. Kilikuwa cha aina iitwayo TN. Vioo vilivyo vingi vina taa nyuma, na mbele ya taa mna majimaji ambayo chembe zake hujipanga kwa nguvu ya umeme, zikapitisha nuru au kuizuia. Katika TN chembe hizo zimesokotwa kama kamba, na umeme ukija husimama. Basi atazamaye kwa upande hapati nuru ile ile. Wacheza michezo ya kompyuta huipenda kwa kuwa hubadili picha upesi.

Katika IPS, ambayo Hitachi ya Ujapani iliitoa mwaka 1996, chembe huzunguka zikiwa zimelala, mfano wa mishale ya saa. Kwa hiyo watu watano wangeona jezi moja. VA ina weusi mzito zaidi: weupe wake kwa kawaida huushinda weusi mara 3000 hivi, ambapo IPS ya kawaida ni kama mara 1000. Yafaa kwa sinema gizani. OLED haina taa ya nyuma, kila kitone hujiwakia chenyewe. Lakini ni ghali, na picha isiyobadilika siku nyingi yaweza kuacha alama.

Wazazi wanaotaka kununua, wasidanganyike na neno LED juu ya boksi. Mara nyingi ni jina la taa ya nyuma tu. Ulizeni kama ni TN, IPS au VA. Kisha fungueni picha ya uso wa mtu, msimame, mkae pembeni, mchuchumae pia, hata muuzaji akicheka.

Kile chetu tunacho bado. Picha za toleo hili zimesahihishwa na mmoja mmoja aliyeketi katikati, wengine tukingoja zamu mlangoni.