Usifunge Hesabu ya Lambo Vuli Inapoanza

Horohoro, mpakani na Lunga Lunga ya Kenya, hungoja mvua mara mbili kwa mwaka: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ukipanga ukubwa wa lambo kwa kupima kiangazi cha katikati peke yake, utawaacha watu na ndoo tupu Januari.

Tumia mchoro wa limbikizo, mbinu iliyoelezwa na mhandisi Rippl mwaka 1883. Unahitaji karatasi ya miraba, rula na kumbukumbu za maji yanayoingia kila mwezi.

Anzia Machi, ukijumlisha kila mwezi na yaliyotangulia. Tuseme yanaingia, kwa meta za ujazo: 1,500, 3,500, 3,500, 800, 400, 300, 300, 900, 1,500, 900, 200 na 100. Mwisho wa Mei una 8,500. Mwisho wa Februari, 13,900. Panga miezi chini, limbikizo pembeni, kisha unganisha nukta.

Halafu mahitaji. Watu 1,000 kwa lita 25 kila mmoja kwa siku, kiwango cha vijijini katika Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002, ni meta za ujazo 750 kwa mwezi. Ongeza 250 za mifugo. Huo ni mstari ulionyooka unaopanda 1,000 kila mwezi. Usogeze, bila kubadili mwinamo, uguse mchoro mwisho wa Mei, ambapo matumizi yanaanza kuzidi maji yanayoingia. Pima pengo wima, kutoka mstarini hadi kwenye mchoro.

Mwisho wa Oktoba pengo ni 2,300, na Novemba linapungua. Usiandike jibu bado! Mchoro haujaufikia mstari. Desemba pengo linapanuka tena, na mwisho wa Februari ni 3,600. Hicho ndicho kipimo cha lambo. Lambo la 2,300 lingekuwa tupu mwisho wa Oktoba, likapata kidogo Novemba, likakauka Januari.

Vuli ikileta 900 tu badala ya 3,300, pengo linafika 6,000. Kwa hiyo chora miaka kadhaa mfululizo, na ile ya ukame usiiruke. Mchoro usipoufikia mstari tena hata baada ya miaka mingi, punguza mahitaji au tafuta chanzo kingine. Kupanua lambo hakutaongeza mvua.

Juu ya jibu lako weka nafasi ya tope na ya maji yatakayopotea kwa jua. Kwa ujazo uleule, chimba kwenda chini badala ya kutanua: uso mpana hupoteza zaidi.