Pazia la Dirisha Dogo: Somo la Kupima, Kuchagua na Kuamua

Utangulizi

Mada ya mapazia, ambayo walimu waliotutangulia waliifundisha katika Sayansi Kimu, huonekana nyepesi. Mwalimu huchora dirisha ubaoni, hutaja aina za vitambaa, wanafunzi hunakili, na kipindi huisha. Makala hii inakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi kwamba mada hiyo ikifundishwa hivyo yaweza kuitia familia hasara, na kwamba somo halina budi kuanzia kwenye dirisha lenyewe la nyumbani kwa mtoto.

Kosa lililonifunza

Nilipokuwa nikifundisha shule ya msingi katika eneo la Bukene, nilichora ubaoni dirisha pana la vioo nililoliona kitabuni. Niliwaambia wanafunzi kwamba pazia zuri ni la kitambaa kizito, lenye upana mara mbili ya dirisha, na kwamba hukatwa vipande viwili vinavyofungwa pembeni. Msichana mmoja alikwenda nyumbani akalitii somo. Mama yake akatoa kitenge kipya alichokuwa amekiweka akiba kwa ajili ya arusi, wakakikata na kukitundika.

Baada ya siku chache mama yule alikuja shuleni. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, kitenge kimekwisha, na chumba kimeingia giza." Dirisha lao lilikuwa la futi mbili tu. Mdogo wake yule msichana, ambaye alizoea kuandika kazi zake chini ya dirisha hilo, alikuwa amehamia nje mwembeni. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha dirisha ambalo hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyekuwa nalo.

Maarifa ya mwalimu

Kabla ya kufundisha, mwalimu ajiulize kwa nini madirisha ya sehemu hizi ni madogo. Tembe la zamani la Unyamwezi lilikuwa na kuta nene za udongo, paa la bapa na matundu machache. Mfano mmojawapo ni tembe la Kwihara, karibu na Tabora, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Ukuta wa udongo au wa tofali mbichi hauwezi kubeba uwazi mpana bila boriti imara juu yake. Tena tundu dogo huzuia jua kali na humzuia mwizi. Kwa hiyo dirisha dogo si kasoro ya kuficha. Ni jibu la fundi kwa vifaa na hali ya hewa aliyokuwa nayo.

Thamani ya nguo nayo ina historia hapa. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na kuendelezwa kupitia Bukene hadi Mwanza mwaka 1928, misafara kutoka pwani ilileta merikani na kaniki. Nguo hizo zilinunua chakula njiani na kulipia hongo kwa watemi. Mwalimu asitumie zaidi ya dakika tano kwa habari hizi. Zinatosha kuwakumbusha wanafunzi kwamba nguo ni mali, na haikatwi kabla ya kufikiriwa.

Hesabu ya mwanga

Hapa ndipo kiini cha somo. Tuchukue dirisha lenye uwazi wa sentimita 60 kwa 60. Eneo lake ni sentimita za mraba 3,600. Iwapo fito ya pazia ina urefu sawa na dirisha, pazia likifunguliwa hubaki limejikusanya mbele ya uwazi. Likichukua sentimita 15 kila upande, uwazi unaobaki ni 30 kwa 60, yaani sentimita za mraba 1,800. Nusu ya mwanga imepotea, ingawa mwenye nyumba anaamini kwamba pazia liko wazi.

Dawa yake ni kurefusha fito, si kuongeza kitambaa. Fito ya sentimita 100 ikizidi uwazi kwa sentimita 10 upande mmoja na 30 upande wa pili, pazia moja laweza kuvutwa lote upande wenye nafasi, likakaa mbele ya ukuta. Uwazi wote 3,600 hubaki huru, na dirisha huonekana pana zaidi kuliko lilivyo.

Kwa fito hiyo, upana wa kitambaa mara moja na nusu hutosha kwa mikunjo: sentimita 150. Upande mmoja wa kanga una takriban sentimita 150 kwa 110. Zipo zinazopungua au kuzidi, kwa hiyo sharti ipimwe. Basi kanga moja yatosha bila kukatwa. Ukingo wa juu hukunjwa kiasi cha sentimita 5, ukashikizwa kwa mishono mirefu ya mkono, na fito ikapitishwa humo. Jina la kanga hubaki zima upande wa chini. Siku mama akiihitaji kanga yake, hufumua uzi, akaifua na kuivaa. Kama ningeyajua haya, kile kitenge kingepona.

Kanuni za kuchagua

Kitambaa kiwe chepesi na chenye kuvumilia kufuliwa, kwa sababu vumbi la kiangazi, baina ya Mei na Oktoba, huingia bila kubisha hodi. Rangi nyepesi hupitisha na kurudisha mwanga. Rangi nzito huumeza. Maua makubwa katika chumba kidogo huchosha macho, hivyo maua madogo au mistari ya wima yafaa zaidi. Dirisha linaloelekea magharibi hupigwa na jua la alasiri, na kitambaa chake hupauka mapema.

Usalama nao usisahauliwe. Pazia lisifike karibu na kibatari wala jiko. Jiko la mkaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake ya sumu huua. Kadhalika pazia halizuii mbu: kazi hiyo ni ya wavu wa dirishani na chandarua cha kitandani.

Hatua za somo

Somo hili huhitaji vipindi viwili vya dakika 40.

Maandalizi: Siku moja kabla, kila mwanafunzi apime dirisha moja la nyumbani kwa kamba, akifunga fundo kwa upana na fundo kwa urefu. Aombe ruhusa ya wazazi kwanza. Asiye na dirisha sebuleni apime la darasani, wala asiulizwe sababu mbele ya wenzake.

Kipindi cha kwanza: Wanafunzi walinganishe kamba zao na rula, kisha wakokotoe eneo la uwazi, urefu wa fito na upana wa kitambaa. Mwalimu asitoe jibu, aulize, "Pazia likifunguliwa, litakaa wapi?"

Kipindi cha pili: Kila kikundi kipewe boksi la katoni, likiwa chumba kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila 10. Wakate dirisha la sentimita 6 kwa 6, na kitundu kidogo cha kuchungulia ubavuni. Ndani, kwenye ukuta unaoelekea dirisha, wabandike neno lililoandikwa kwa penseli. Wafunike boksi, waliweke juani, na wajaribu mapazia matatu: zito lenye fito fupi, jepesi lenye fito fupi, na jepesi la sentimita 15 kwa 11 lenye fito ya sentimita 10. Kila pazia lijaribiwe likiwa limefungwa, kisha likiwa limefunguliwa. Swali ni moja: Je, neno lasomeka? Watoto wataamua kwa macho yao.

Tathmini

Mwanafunzi hajafaulu kwa kutaja aina tano za vitambaa. Amefaulu akiweza kueleza, kwa vipimo vya dirisha lake, ni kitambaa gani kilichopo nyumbani kitafaa, au kwamba dirisha hilo halihitaji pazia. Jibu hilo la mwisho ni sahihi pia, na mwalimu alipokee kwa heshima.

Hitimisho

Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere Machi 1967, ilikataa shule inayomtenga mtoto na jamii yake. Somo la pazia ni mahali padogo pa kulipima jambo hilo. Tunachokisema asubuhi darasani chaweza kukatwa kwa mkasi jioni, katika nguo ya mtu asiyekuwapo kutuuliza swali. Basi na tupime kwanza.

Maswali ya majadiliano

1. Dirisha lina uwazi wa sentimita 45 kwa 75. Pendekeza urefu wa fito na vipimo vya kitambaa.
2. Mwanafunzi anasema nyumbani kwao hakuna kitambaa cha ziada. Utamshirikishaje katika somo hili?
3. Taja mada nyingine iliyoandikwa kwa nyumba zisizo za wanafunzi wako, na ueleze utakavyoirekebisha.