Uwongo ni Deni

Mtu hasemi uwongo ila kwa mojawapo ya mambo matatu: khofu ya adhabu, khofu ya kuaibika, au tamaa ya asichostahiki. Yote matatu humwahidi raha ya papo hapo. Na hapo ndipo anapojidanganya nafsi yake kabla ya kumdanganya mwenziwe.

Natutazame kisa cha Kaab bin Malik (R.A.). Mwaka wa 9 wa Hijra (630) Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda Tabuk, na Kaab akabaki Madina bila ya udhuru. Mtume aliporejea, watu zaidi ya 80 walimwendea wakaapa kwa udhuru wa uwongo, naye akawapokea kwa dhahiri yao. Wakenda zao salama. Kaab, aliyekuwa fasaha wa maneno, angaliweza kutunga bora kuliko wao. Akakiri kosa lake. Yeye na wenziwe wawili wakasuswa siku 50, hapana wa kuwasemeza.

Aliyewaona siku zile angalidhani uwongo ndio ulioshinda. Lakini ikateremka toba ya wale watatu, na waongo wakafedheheshwa, na Suratut-Tawba yasomwa hata leo.

Basi sisi tunaomwambia mtoto, “Sema baba hayupo,” mgeni apigapo hodi, na tunaoapa dukani kwa bei tusiyonunulia, tujue kuwa uwongo haulipi deni. Hulichelewesha na kulizidisha. Na mtoto yule aliyesimama mlangoni amekwisha jifunza somo. Kesho atatusomea sisi.